UPANA WA NJIA KATIKA MAGARI YA MOSHI YA MFANO

Watu wengi wakisikia habari za magari ya moshi ya mfano hudhani mara moja kwamba ni mchezo wa watoto: duara la reli za bati, ufunguo wa kutia nguvu, na kigari chekundu kinachozunguka mpaka kichoke. Mchezo huo upo, wala siudharau. Lakini nitakayoeleza hapa ni kazi nyingine, ambayo watu wazima wa Uingereza, wakiwamo makasisi na wahandisi, wameishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja, nayo ni kuunda njia nzima ya reli kwa udogo, kila kitu kikiwa na kipimo chake cha kweli, tangu urefu wa stesheni hata unene wa ukingo wa gurudumu. Naomba niiite kazi ya kipimo makini.

Habari zake nimezipata katika sanduku la magazeti ya zamani ya kila mwezi, ambalo mwalimu mmoja wa hesabu aliyestaafu aliliacha katika maktaba yetu. Nazo zatuhusu. Chama chetu cha Ufundi kimeanza kuunda mfano wa stesheni ya zamani iliyo karibu na shule, na wanachama tumegawanyika juu ya jambo moja, ambalo litapigiwa kura katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Kwa hiyo naona yafaa kila msomaji alielewe jambo lenyewe kabla hajashika upande.

Jambo lenyewe ni upana wa njia. Huo ni nafasi iliyo kati ya reli mbili, ikipimwa toka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine, nao watu wa reli huuita geji. Hapa Tanzania twaweza kujifunza jambo hili bila kitabu, maana tunazo geji tatu. Reli za wakati wa Wajerumani, ile iliyoanzia Tanga mwaka 1893 na ile ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, zina upana wa meta moja kamili, yaani milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina milimita 1,067, kusudi ilingane na reli za Zambia. Na reli mpya ya umeme, ambayo abiria walianza kuisafiria mpaka Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli za Uingereza.

Hebu zitazame zile mbili za kwanza. Tofauti yake ni milimita 67 tu, hazifiki upana wa kiganja. Na kwa ajili ya milimita hizo, behewa la TAZARA haliwezi kuingia katika Reli ya Kati kama lilivyo. Ilibidi pajengwe mahali maalumu huko Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, pa kuhamishia mizigo toka behewa hili hadi lile. Basi mtu asiseme kwamba upana wa njia ni jambo dogo.

Sasa tuje kwenye udogo. Waingereza walio wengi huunda mifano yao kwa kipimo cha milimita nne kwa kila futi moja. Msomaji atacheka kuona futi na milimita vimechanganywa katika chungu kimoja, nami nilicheka, lakini ndivyo walivyozoea. Futi moja ni milimita 304.8, nazo ukizigawanya kwa nne wapata 76.2, maana yake kila urefu umepunguzwa mara 76.2. Mtu mwenye kimo cha futi tano na nusu huwa na milimita 22. Gari lendalo kilometa 60 kwa saa yapasa mfano wake uende sentimita 22 kwa sekunde, wala si zaidi. Ukiona mfano warukaruka kama panzi, ujue mwenyewe hakupiga hesabu.

Uzito una hesabu yake peke yake. Injini za Garratt za daraja la 59 ziliundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya milima, na mbili kati yake, yenye jina la Mlima Gelai na yenye jina la Mlima Shengena, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, ingawa milima yenyewe yote miwili iko kwetu. Injini moja ilikuwa na urefu wa futi 104 hivi na uzito wa tani 252. Mfano wake wa milimita nne ungekuwa na urefu wa milimita 416, usioenea kwenye rula yako. Lakini uzito haupungui mara 76. Hupungua mara 76.2 ukizidisha kwa 76.2 ukizidisha tena kwa 76.2, maana kitu kina urefu na upana na kimo. Jibu ni zaidi ya mara 442,000, na lile dubwana la tani 252 labaki chini ya gramu 600! Ndiyo sababu waundaji huficha vipande vya risasi ndani ya injini zao, zisiteleze zikivuta.

Turudi kwenye njia. Reli ya Uingereza yenye milimita 1,435, ukiipunguza mara 76.2, yapasa iwe na milimita 18.83. Lakini mifano mingi ya milimita nne inayouzwa madukani, iitwayo OO, ina njia ya milimita 16.5. Zile milimita mbili na kitu zimekwenda wapi?

Mwaka 1922 Bwana W. J. Bassett-Lowke wa Northampton alianza kuuza gari dogo la mezani lililoundwa na kiwanda cha Bing cha Ujerumani. Njia yake ilikuwa karibu nusu ya ile iliyokuwa imezoeleka, na baadaye upana wa milimita 16.5 ukawa ndio wa desturi. Kwa upana huo, kipimo kinachofaa ni milimita tatu na nusu kwa futi, na nchi nyingine zikashika hicho. Waingereza wakapata taabu. Madaraja na mapango ya reli zao ni madogo, kwa hiyo injini zao halisi nazo ni ndogo kuliko za bara la Ulaya au Marekani, na mota za umeme za siku zile hazikuenea ndani ya mwili wa milimita tatu na nusu. Wakaongeza mwili uwe wa milimita nne, na njia wakaiacha ilivyokuwa. Matokeo yake ni kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mwanawe. Njia ya milimita 16.5 kwa kipimo cha milimita nne ni futi nne na inchi moja na nusu, imepungukiwa inchi saba kamili, karibu shibiri. Ukiitazama injini ya namna hiyo toka mbele huoni kama imesimama imara. Magurudumu yamejikusanya chini ya tumbo.

Hornby, kampuni iliyotokana na kazi ya Frank Hornby wa Liverpool, yule aliyebuni vyuma vya Meccano mwaka 1901, ilitoa magari yake ya Dublo kwa upana huo mwaka 1938, na kwa kuwa maelfu ya watu waliyanunua, kosa likawa sheria.

Wako waliokataa. Kwanza walijaribu milimita 18, na njia hiyo ikaitwa EM. Chama cha waundaji wake kilianzishwa mwaka 1955, na baadaye wakaisogeza hadi 18.2. Katika miaka ya 1960 kikundi kingine kikasema, kwa nini tusifike mwisho? Wakaandika vipimo vya P4, ambavyo njia yake ni milimita 18.83 kamili. Wengine wakafanya hivyo kwa mifano midogo zaidi, ya milimita mbili kwa futi, njia ikiwa milimita 9.42, nao waliunda chama chao mwaka 1960.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, na naomba msomaji anivumilie. Hutengenezi jambo hili kwa kutanua reli tu. Gurudumu la gari la moshi lina ukingo kwa ndani, unaolizuia lisitoke nje ya reli. Katika gari halisi ukingo huo una kina cha milimita 28 hadi 30 hivi. Ukigawanya kwa 76.2 wapata chini ya milimita 0.4. Ukingo wa magurudumu ya dukani ni mnene na mrefu kuliko hapo, kusudi gari lisianguke hata likiendeshwa juu ya zulia. Sasa fikiria mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Hapo reli moja hukata nyingine, nayo hapana budi ikatwe kidogo ili ukingo upate pa kupita. Ukingo mnene wataka pengo pana, na pengo likiwa pana gurudumu hutumbukia, kutu! Ukingo mwembamba hutosheka na pengo jembamba, na gurudumu hupita kama linavyopita katika reli ya kweli. Basi ukibadili gurudumu sharti ubadili njia, na ukibadili njia sharti ubadili gurudumu, na nafasi iliyo kati ya gurudumu na mwenzake kwenye ekseli moja sharti ipimwe kwa kalipa wala si kwa macho.

Tena ukingo wa milimita 0.4 hausamehe. Behewa la magurudumu manne likipita mahali palipobonyea kidogo, gurudumu moja huning'inia hewani na behewa huanguka. Dawa yake waliipata jikoni, naweza kusema. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka juu ya mawe, lakini meza ya miguu minne huyumba. Kwa hiyo ekseli moja ya behewa huwekwa imara, na ya pili hushikwa katikati tu, iweze kuinuka upande huu na kushuka upande ule kama mizani ya dukani. Behewa huwa kama limesimama juu ya miguu mitatu, na magurudumu yote manne hugusa reli daima. Sijaona jambo zuri kuliko hili katika sanduku zima.

Mtu mmoja peke yake hawezi kufanya haya. Huyu hukereza magurudumu, yule huunda njia, wa tatu huchora, nao wakaa miji mbalimbali na pengine hawataonana maisha. Waliwezaje kupatana juu ya sehemu ya kumi ya milimita? Kwa magazeti. Bassett-Lowke na mhandisi Henry Greenly walianzisha gazeti la reli za mfano mwaka 1909. Mwaka 1925 likatokea *The Model Railway News*. Mwaka 1934 *Model Railway Constructor* huko Uingereza na *Model Railroader* huko Marekani. Mwaka 1949 *Railway Modeller*, ambalo ndilo lililojaa katika sanduku letu. Mwaka 1985 likazaliwa *Model Railway Journal*, lililojitolea hasa kwa kipimo makini.

Ukifungua toleo moja utaona picha za njia ya mtu fulani na maelezo yake; namna ya kukata dirisha katika karatasi ngumu kwa wembe; matangazo ya magurudumu na rangi; na barua za wasomaji, ambazo nusu yake ni ugomvi juu ya upana wa njia. Nimesoma barua hizo kwa furaha nyingi, maana maneno yao ndiyo yale yale tuliyoambiana sisi kwenye karakana. Lakini kilicho na thamani kuliko vyote ni michoro. Karibu kila toleo lina mchoro wa injini au behewa au nyumba ya stesheni, toka ubavuni, toka mbele na toka juu, kwa kipimo kilichotajwa. Msomaji wa Scotland aliweza kuunda behewa la Cornwall asilolitia machoni.

Katika magazeti hayo yumo Kasisi Peter Denny, aliyeanza njia yake ya Buckingham baada ya Vita Kuu ya Pili kwa upana wa EM. Aliunda karibu kila kitu kwa mikono yake, na akaiendesha kwa ratiba na kengele, stesheni moja ikiitaarifu nyingine kama katika reli ya kweli. Mwanawe Crispin alikuwa akisimamia stesheni ya pili. Kijana alipokuwa hayupo kasisi aliunda mashine ya kujibu kengele badala yake, akaiita Crispin wa mashine. Nimesoma habari hiyo mara nne.

Yumo pia Roye England, aliyetoka Australia akaja Uingereza mwaka 1925. Alipenda sana bonde moja lenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi, na alipoona nyumba hizo zinabomolewa au kubadilishwa, akaanza kuzipima na kuziunda kwa karatasi ngumu na rangi za maji, moja moja, kwa kipimo cha milimita nne. Mwaka 1954 kazi yake ikawa mwanzo wa makumbusho ya Pendon katika kijiji cha Long Wittenham, ambako mpaka leo bonde hilo linaonekana kama lilivyokuwa kati ya vita mbili kuu, na magari ya moshi yakipita juu ya njia ya EM.

Hapo ndipo nilipofahamu magazeti yale yalikuwa yakifanya nini, hata pengine bila wenyewe kujua. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya Dr Beeching, iliyoshauri maelfu ya maili ya reli za Uingereza yafungwe, na mwezi wa Agosti 1968 injini za moshi zikaisha kazi katika reli kuu za serikali. Nyumba nyingi za stesheni zilivunjwa na injini zikauzwa kwa ajili ya chuma chakavu. Watu waliokuwa wamekwenda na tepu na daftari kupima kabla ya siku hiyo, wakapeleka michoro yao magazetini, ndio waliosababisha tujue mlango ulikuwa na upana gani na taruma lilikuwa na urefu gani. Mchoro uliopimwa kwa kubahatisha haufai kitu siku kitu chenyewe kimeshaondoka, maana hakuna tena pa kwenda kuusahihisha.

Sasa niseme habari zetu. Stesheni tunayoiunda ni ya reli ya meta moja. Kwa kipimo cha milimita nne, njia yake yapasa iwe na milimita 13.12. Njia hiyo haiuzwi dukani. Ni lazima tuiunde wenyewe, taruma kwa taruma. Wenzetu wa upande wa pili wanasema tutumie upana wa milimita 16.5, kwa sababu mwanachama mmoja ana ndugu awezaye kutuletea reli na magurudumu ya namna hiyo, na kazi itakwisha kabla ya mtihani wetu wa taifa. Hoja yao si ya kijinga. Hata Uingereza walio wengi wamebaki na OO mpaka leo na magari yao yanakwenda vizuri, na kweli ukilitazama behewa kwa ubavu huoni upana wa njia. “Nani atapima?” aliniuliza rafiki yangu mmoja. Lakini piga hesabu. Milimita 16.5 kwa kipimo chetu ni milimita 1,257 katika reli ya kweli, zaidi ya upana wetu kwa robo meta nzima. Upana wa milimita 12, ambao nao huuzwa, ni futi tatu kamili, pungufu ya reli yetu. Waingereza waliibana reli yao shibiri moja. Sisi tutaitanua ya kwetu kwa zaidi ya shibiri, na kuifanya reli ambayo haijawahi kuwapo Tanzania.

Tulifanya jaribio. Tuliunda vipande viwili vya njia, urefu wa sentimita 30, kimoja cha 16.5 na kimoja cha 13.1, mataruma yakiwa ya vijiti vya mianzi na kokoto za mchanga uliochekechwa. Juu ya kila kimoja tukaweka behewa la karatasi ya manila, mabehewa yote mawili yakiwa sawa. Tukampelekea mzee mmoja wa hapa kijijini, aliyefanya kazi ya kutengeneza mabehewa mpaka alipostaafu. Baada ya kumwamkia hatukumwambia neno, ila tulimwomba atazame. Aliinama, akavitazama kwa mbele, kisha akakisukuma kile kipana kando kwa kidole. “Hiki cha wageni,” akasema. “Hiki hapa ndicho chetu.” Hakuwa na rula wala miwani.

Mzee huyo ametuambia pia kwamba mabehewa mawili yaliyoegeshwa kwenye njia ya pembeni, yale yenye milango ya kusukuma, ni ya aina ambayo yeye hajaiona mahali pengine kwa muda mrefu, na kwamba hajui yataachwa hapo mpaka lini. Mkuu wa stesheni ametupa ruhusa ya kuyapima siku za Jumamosi mchana, kwa masharti kwamba tufuatane na mwalimu, tusipande juu, na tusivuke njia kuu. Tumekwisha pima milango na pande mbili za behewa la kwanza. Mlango una upana wa meta moja na nusu, ambao kwa kipimo chetu ni milimita 19.7. Yamebaki magurudumu, breki na sehemu yote ya chini, ambayo ndiyo ngumu, na behewa la pili lote.

Kwa kazi hiyo twahitaji tepu ndefu ya chuma, kwani ile ya kitambaa hunyooka ikivutwa; kalipa moja ambayo mwalimu wa fizikia ameahidi kutuazima akiona mikono yetu imeoshwa; na maboksi ya manila yaliyokwisha kazi ofisini. Mkereza vyuma wa mjini amekubali kutukerezea magurudumu manane kwa majaribio, tukimletea mchoro wenye vipimo vyote. Mchoro huo ninauandaa, nao utabandikwa ukutani katika karakana wiki moja kabla ya kura, pamoja na vile vipande viwili vya njia. Wanachama wa upande wa pili wakaribishwa kuleta rula zao.